Kijana wa Turkana: meno yanasema miaka 8, mifupa inasema 13. Tushike lipi?

#1 MzeeWaMashapo
Wakuu, habari za jioni.

Yule kijana wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, wengi mnamjua. Alianza kufukuliwa Agosti 1984. Namba yake ya makumbusho ni KNM-WT 15000, ni Homo erectus (wengine humwita Homo ergaster), na ni wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Kwa Homo erectus, hakuna mwingine aliyepatikana akiwa na mifupa mingi ya mwili mmoja namna ile: fuvu, taya, mbavu, uti wa mgongo, nyonga, miguu. Kilichokosekana hasa ni viganja na nyayo.

Sasa mgogoro. Alipokufa alikuwa na urefu wa kama sentimita 160. Ukimweka kwenye jedwali la watoto wa leo, huo ni urefu wa kijana wa miaka 15. Ukiangalia viungio vya mifupa yake, unapata 13. Ukiangalia meno yaliyokwisha kuota, unapata 11 hivi. Halafu wakaja waliohesabu mistari ya ukuaji kwenye meno, wakasema jamani, huyu ni mtoto wa miaka 8.

Msimamo wangu: meno ndiyo saa, mengine ni makisio. Alikuwa na miaka 8 na alikua mbio kuliko sisi. Anayepinga alete hoja, asilete matusi.

#2 KochaMstaafu
Miaka 8 na sentimita 160? Huyu ningemsajili leo leo 😂

Shida wangemkatia rufaa. FIFA tangu mashindano ya chini ya 17 kule Nigeria 2009 wanapiga MRI kwenye kifundo cha mkono. Gegedu la ukuaji likikutwa limeshaziba kabisa, cheti chako cha kuzaliwa rudi nacho nyumbani.

#3 DadaFizi
Kocha unatania, lakini umegusa penyewe. Kipimo chako kinasoma mfupa. Mfupa unaathiriwa na chakula, magonjwa na homoni. Jino nalo huathirika, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Enameli hujengwa kidogo kidogo, na kila siku huacha mstari mwembamba unaoonekana kwa darubini. Kila baada ya siku kadhaa unatokea mstari mzito zaidi. Kwa binadamu wa leo ni kati ya siku 6 na 12, mara nyingi 8. Kwa sokwe ni 6 au 7. Jino likiwa halijapasuliwa, unahesabu vijituta vinavyoonekana juu ya enameli, na sehemu iliyofichika unaikadiria. Kwa hiyo hata hiyo "saa" ya mleta uzi ina makadirio ndani yake.

Gego la kwanza la kudumu kwetu huota kwenye miaka 6, kwa sokwe kati ya 3 na 4. Kwa Homo erectus wamekadiria kama miaka 4 na nusu. Yuko katikati. Ndiyo maana watafiti Dean na Smith mwaka 2009 walimweka kijana kwenye miaka 8, ingawa kinywa chake kinafanana na cha mtoto wa leo wa miaka 11: magego ya pili yameshatoka, ya mwisho bado, na chonge za utoto bado zimo kwenye taya la juu.

#4 FundiEksirei
Dada Fizi nakubali kuhusu meno, lakini hitimisho la #1 nalipinga.

Napiga picha za watoto kazini. Kuna binti aliletwa, wazazi wana wasiwasi ni mfupi darasani. Kifundo cha mkono kilisoma umri mdogo kuliko wake kwa miaka miwili hivi, meno yako sawa, na cheti hakina utata. Kuchelewa tu, baba yake naye alirefuka akiwa kidato cha tatu. Yupo mwingine kinyume chake, mifupa imetangulia, meno nyuma. Mtoto wa leo mwenye afya anaweza kuwa na umri wa mifupa na umri wa meno vinavyopishana, na wala hatumwiti spishi nyingine.

Kwa kijana wa Turkana, kiwiko kilishaanza kuunga, kichwa cha fupa la paja bado kilikuwa hakijaunga. Huo mpangilio upo hata kwa watoto wetu. Mtoto mmoja hawezi kubeba hoja ya "spishi nzima ilikua mbio".

#5 Mkamba_Halisi
Mleta uzi, "alianza kufukuliwa" na nani? Mbona jina linamezwa hivi hivi?

Ni Kamoya Kimeu. Siku ya mapumziko, wenzake wako kambini, yeye akaenda kutembea kwenye korongo kavu akaona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, rangi moja na mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga akapita. Baadaye ndipo kina Richard Leakey na Alan Walker wakaleta machekeche na jeshi la wachimbaji.

#6 MzeeWaMashapo
Shukrani Mkamba, jina limesimama.

#7 KijukuuChaOlduvai
Na huyo huyo Kamoya ndiye aliyeliona taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Kwa hiyo na sisi Watanzania tuna deni kwake. 1985 alipewa medali ya La Gorce ya National Geographic, akakabidhiwa na Rais Reagan mwenyewe. Alifariki Julai 2022.

#8 Mpita_Njia77
Sentimita 160 akiwa mtoto, je, angekua angefika wapi? Nimesoma mahali futi sita na zaidi. Jitu.

#9 MzeeWaMashapo
Mkuu #8, kitabu kikubwa cha Walker na Leakey cha 1993 kilisema angefika kama sentimita 185. Hapo walidhani bado ana kile kipindi cha kurefuka ghafla wakati wa balehe kama vijana wetu. Mwaka 2010 wengine wakasema hapana, kama alikua kwa mwendo unaokaribia wa sokwe, basi alikuwa amebakiza kidogo sana, angeishia kama 163. Mwaka 2015 Ruff na Burgess wakarudi juu, 176 hadi 180.

#10 FundiEksirei
Umeona sasa mzee? Mfupa ule ule wa paja, rula ile ile, tofauti ni sentimita zaidi ya 20. Haitoki kwenye kisukuku, inatoka kwenye jedwali unaloamua kutumia. Ukianza na jedwali la binadamu unapata mchezaji wa kikapu. Ukianza na la sokwe unapata mtu wa kawaida sana mtaani.

Na ubongo vivyo hivyo. Alikuwa na sentimita za ujazo 880. Kama ni mtoto wa miaka 8, unaongeza kiasi fulani kufikia utu uzima. Walikadiria kama 909. Badilisha umri, badilisha jibu.

#11 MwanafunziMilele
Hapa naomba niongeze. Holly Smith alipofanya hesabu zile za 1993 aliona kitu kizuri: ukitumia kipimo cha binadamu, umri wa meno, wa mifupa na wa urefu unatawanyika 11, 13, 15 kama alivyoandika mleta uzi. Ukitumia kipimo cha sokwe, meno na mifupa vinasogeleana, vyote karibu na miaka 7. Yaani mgogoro wote wa uzi huu unapungua ukikubali kwamba hakukua kwa ratiba yetu. FundiEksirei, huyu binti wako anaeleza kwamba tofauti *inawezekana*. Haelezi kwa nini kipimo kingine kinaifuta.

#12 FundiEksirei
Kinaifuta kwa mtoto mmoja, mkuu. Nipe kumi tuongee.

#13 DadaFizi
Kumi hatuna, lakini wa pili tunaye. Dmanisi, Georgia, miaka kama milioni 1.77. Novemba 2024 ilitoka makala kwenye jarida la Nature, meno ya kijana mmoja wa pale yalipigwa picha kwa mashine kubwa ya miale kule Grenoble, Ufaransa. Alikufa akiwa na miaka 11 na miezi kadhaa. Kilichoshangaza ni mwendo: magego yalijengwa polepole mpaka kwenye miaka 5, kama mtoto wa binadamu, halafu yakakimbia, na yangemalizika mapema kuliko yetu.

Kwa hiyo "alikua mbio" ni kauli fupi mno. Huenda walikuwa na utoto wa polepole halafu ujana wa haraka.

#14 KochaMstaafu
Sasa huyu wa Dmanisi ana miaka 11, wetu ana 8, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga kikosi.

#15 MtuWaLodwar
Mimi ni wa huku huku. Kila mgeni akija anasema "ndiyo maana mmekuwa warefu na wembamba, mmerithi kwa yule kijana." Naomba tuache hiyo. Tangu miaka milioni 1.5 damu imechanganyika mara ngapi? Kama ana vizazi vilivyobaki, ni vya wote, hata vya mtu wa Norway.

Lililo kweli ni joto. Mwili mrefu, mwembamba, wenye mikono na miguu mirefu hupoteza joto vizuri, na hapa mwezi wa pili jua halina msamaha. Ni hali ya hewa ile ile kuwapa watu wa nyakati tofauti umbo linalokaribiana. Hiyo ilikuwa hoja ya Ruff na Walker kuhusu nyonga zake nyembamba.

#16 MwanafunziMilele
MtuWaLodwar, sehemu ya kwanza naunga mkono asilimia mia. Ya pili imetikiswa. Mwaka 2008 ilitangazwa nyonga ya mwanamke kutoka Gona, Ethiopia, inayodhaniwa kuwa Homo erectus, na ni pana sana. Halafu 2020 Bastir na wenzake wakazijenga upya mbavu za kijana kwa kompyuta: kifua kipana chenye kina, kifua cha pipa, hakifanani na hiki chetu bapa. Walisema mwili mwembamba wa binadamu wa leo huenda ulikuja baadaye sana.

#17 Mpita_Njia77
Sasa ile hadithi kwamba mwili mwembamba ulimfanya kijana mkimbiaji wa masafa marefu?

#18 MtuWaLodwar
Mbavu zilikuwa zimevunjika na nyingine hazipo. Kompyuta inajaza mapengo kwa kutazama nani? Turudi kule kule kwa jedwali la FundiEksirei. Na nyonga ya Gona, wapo wanaosema ni ndogo mno kuwa ya Homo erectus, huenda ni ya Paranthropus, zamadamu wa tawi jingine. Mimi joto langu silitupi bado.

#19 Neema_ya_Bwana
Ndugu zangu, mnabishana umri wa mifupa ya mtu asiyekuwepo kwenye Neno. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa Kenya walipinga mifupa hii kuwekwa mbele ya watu makumbushoni. Hawakuwa wajinga.

#20 Mkamba_Halisi
Dada Neema karibu. Walipinga, makumbusho yakaendelea, na Wakristo kibao tumekwenda kumwangalia Jumamosi na Jumapili tukawa kanisani. Uzi wa imani upo jukwaa la jirani.

#21 Mwl_Baiolojia
Samahani nimechelewa. Mnaongelea umri, mmesahau mgongo. Mwaka 2001 Latimer na Ohman walidai kijana alikuwa mgonjwa, uti umepinda, pingili hazilingani, mfereji wa uti wa mgongo mwembamba kupita kiasi. Kama ni mgonjwa, basi hata urefu wake si kipimo cha wenzake.

Na huo mfereji mwembamba, MacLarnon 1993 alisema mishipa ya fahamu ya kifua ilikuwa michache, kwa hiyo hakuweza kudhibiti pumzi kama sisi. Matokeo: hakuweza kuzungumza. Hiyo ndiyo nawafundisha kidato cha sita.

#22 MwanafunziMilele
Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya kutozungumza isimamishe kwanza. Pingili za Dmanisi zilipopimwa, mfereji ulikuwa ndani ya kiwango cha watu wa leo. Na ni Homo wa kale kuliko kijana wa Turkana. Kwa hiyo ama ni yeye binafsi, ama mfereji si ushahidi mzuri wa lugha.

Na ugonjwa: Schiess na Haeusler 2013 walipanga mbavu upya, wakaona baadhi zilikuwa zimewekwa kwenye pingili zisizo zake au upande usio wake. Ukizirudisha mahali pake, kule kupinda kunapotea. Hata pingili za kiuno, ambazo mwanzo zilihesabiwa 6, Haeusler alizirudisha kuwa 5 kama zetu.

#23 Mwl_Baiolojia
Marahaba kijana. Lakini kundi hilo hilo la Haeusler lilisema pia huenda alipata jeraha, diski ya kiunoni ikachomoza. Kwa hiyo mgongo wake haukuwa salama, ila si ugonjwa wa kuzaliwa. Maswali ya mtihani sitabadilisha mpaka mtaala ubadilike 😄

#24 MamaPacha
Mdogo wangu ana mgongo uliopinda, tumezunguka naye hospitali kadhaa tangu ana miaka 10. Picha ya kwanza tuliambiwa hali mbaya, ya pili tukaambiwa kidogo tu. Tofauti ilikuwa alivyosimama. Sasa hawa wanapanga mifupa ya aliyekufa, iliyokanyagwa na wanyama ndani ya kinamasi. Naelewa kwa nini hawakubaliani.

Swali langu mimi: alikufa na nini?

#25 DadaFizi
MamaPacha, pole kwa mdogo wako.

Kwenye taya la chini kuna dalili za maambukizi pale jino la utoto lilipong'oka. Watafiti wa mwanzo walikisia sumu ya usaha iliingia kwenye damu. Nimeona wagonjwa wa jipu la jino waliokaribia kufa, hivyo haishangazi. Lakini kuna alama ya ugonjwa, hakuna hati ya kifo. Anaweza kuwa na fizi mbovu na akazama. Mwili haukuonyesha dalili za kuliwa na fisi, hilo ndilo lililotupa mifupa yote hiyo.

#26 KijukuuChaOlduvai
Tukiwa kwenye magonjwa, msimsahau mama wa Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, namba KNM-ER 1808. Huyo naye kapatikana na Kamoya, 1973. Mifupa yake ya miguu imefunikwa na tabaka nene lisilo la kawaida. Walker na wenzake mwaka 1982 walisema alikula ini la wanyama wala nyama kwa wingi, vitamini A ikamzidi, damu ikavujia chini ya utando wa mfupa. Mwingine akaja na mabuu ya nyuki, kwamba alikula sana masega yenye watoto wa nyuki. Mwingine akasema ni buba tu.

#27 KochaMstaafu
Ini la simba? Mimi hata la kuku siku hizi naogopa, nina gauti.

#28 Mwl_Baiolojia
Kocha kula tu la kuku kidogo, vitamini A haitakudhuru, gauti yako ndiyo shauri jingine.

Wapenzi wa nadharia ya ini waliongeza kwamba ugonjwa ule humlaza mtu kitandani majuma kadhaa, na tabaka lile limekaa muda. Kwa hiyo kuna mtu alimletea maji na kumlinda na fisi. Hoja inavutia, lakini ikiwa ni buba, wagonjwa wa buba hutembea. Utunzaji wote unayeyuka.

#29 Mpita_Njia77
Nyayo za kijana hazipo, sawa. Tunajuaje alitembea kama sisi?

#30 MtuWaLodwar
Ileret, mashariki ya ziwa. Alama za nyayo kwenye tope la miaka milioni 1.5, zilitangazwa 2009. Kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake, upinde upo, uzito unahamia mbele kama unavyotembea wewe. Na 2024 Hatala na wenzake wameonyesha alama nyingine upande huo huo, aina mbili za zamadamu walipita kwenye tope lile lile kwa muda wa karibu sana. Mmoja anatembea kama sisi, mwingine kwa namna yake.

#31 KijukuuChaOlduvai
Nyayo za Laetoli, Tanzania, zimetangulia kwa miaka milioni 2 na zaidi, tusisahauliwe 🇹🇿

#32 MtuWaLodwar
Hatujawasahau. Ila waliotembea Laetoli hawakuwa na miguu mirefu hivi. Lucy wa Ethiopia, anayedhaniwa kuwa wa spishi yao, alikuwa na mita 1 na kidogo, na magego ya mwisho alishaota. Mtu mzima yule. Kijana wetu angemwangalia kwa juu.

#33 MwanafunziMilele
Kuna jambo linanikera tangu #1. Tazameni orodha: mtoto wa Taung, Afrika Kusini, 1924, miaka 3 au 4, ndiye aliyelipa jina Australopithecus. OH 7 wa Olduvai, 1960, ndiye aliyelipa jina Homo habilis, naye hakuwa mtu mzima. Kijana wa Turkana ndiye tunayemtumia kuchora Homo erectus mzima. Karabo wa Malapa, Afrika Kusini, kijana pia. Tumejenga nusu ya ukoo kwa kutumia watoto, halafu tunawalinganisha na watu wazima wa spishi nyingine. Uso wa mtoto wa sokwe wenyewe unafanana na wetu kuliko wa baba yake.

#34 FundiEksirei
Hapo sasa tumekutana. Na bado mtu anasema "mvulana". Nyonga za mtoto kabla ya balehe hata mimi nikiwa na picha kamili siapi. Walitumia na matuta ya juu ya macho, haya. Lakini matuta ya msichana wa Homo erectus wa miaka 8 nani ameyaona akalinganisha?

#35 DadaFizi
Ila watoto ndio pekee wanaotupa ukuaji, msiwaseme vibaya. Mfano Selam, mtoto wa zamadamu wa Dikika, Ethiopia, miaka milioni 3.3, aliyeelezwa na Zeresenay Alemseged 2006. Walihesabu mistari ya meno yake, alikuwa na miaka 2 na miezi kadhaa, na ubongo wake ulikuwa bado una safari kuliko sokwe wa umri huo. Bega la kukwea, nyayo za kutembea, ubongo wa kukua polepole. Mtu mzima asingetuonyesha hilo la mwisho.

#36 MzeeWaMashapo
Nimesoma yote. Msimamo wa 8 naushika, ila nakubali kusogea mpaka 9 kwa sababu ya Dmanisi.

#37 FundiEksirei
Mzee, hii ni mnada? Dmanisi haikupi 9. Inakupa kwamba mistari ya utoto wa mapema ilijengwa polepole, kwa hiyo kila makadirio yaliyofanyika kabla ya 2024 kwa sehemu iliyofichika ya jino yapigwe upya. Inaweza kutoka 8, inaweza kutoka 10.

#38 Mpita_Njia77
Sasa si wampeleke naye Grenoble kwenye hiyo mashine?

#39 Mkamba_Halisi
Nani atasaini fomu ya kumtoa nchini? Wewe?